Shaba, nikeli au dhahabu? Kuchagua elektrodi ya kupimia glukosi bila kimeng'enya, kwa walio Mbeya na Iringa

Kila msimu wa miradi ya mwaka wa mwisho swali huja lile lile. Kijana anasimama mlangoni mwa maabara, anaamkia, anafungua simu na kunionyesha makala aliyopakua: "Mwalimu, nataka kutengeneza kihisi cha glukosi kisichotumia kimeng'enya. Sasa nitumie metali gani?" Ukimtazama unajua ameshasoma makala sita, na kila moja inadai elektrodi yake ndiyo kiboko. Mimi huwa simjibu. Namuuliza kwanza: hiyo sukari iko ndani ya nini? Damu, viazi, asali, au ulanzi (pombe ya mianzi)?

Namuuliza hivyo kwa sababu metali hizi hazichezi uwanja mmoja. Haya ninayoandika ni ya mtu wa huku kwetu mwenye bajeti ya mwanafunzi na maabara ya kawaida. Sitagawa sifa sawasawa. Ipo metali ninayoipenda, na zipo ambazo naona zimevishwa kilemba cha ukoka.

Kabla ya kuiacha stripu

Mashine ya sukari inayouzwa famasi inatumia stripu yenye kimeng'enya, yaani kichocheo kinachotoka kwenye viumbe hai, ama glukosi oksidesi ama glukosi dihaidrojenesi. Wazo la kuunganisha kimeng'enya na elektrodi lilitoka kwa Clark na Lyons mwaka 1962, na mpaka leo halijapata mpinzani katika jambo moja: kuchagua. Oksidesi inaijua glukosi katikati ya sukari nyingine kama konda anavyomjua abiria ambaye hajalipa, gari likiwa limejaa hadi mlangoni.

Si kwamba haikosei. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu stripu za dihaidrojenesi ya aina ya PQQ, kwa sababu zilikuwa zinahesabu maltosi, ambayo ni sukari nyingine, kama glukosi. Wagonjwa waliokuwa wakipewa dawa zenye maltosi, au zinazovunjika kuwa maltosi, walionekana wana sukari nyingi kuliko waliyokuwa nayo, na vifo 13 viliripotiwa. Kwa hiyo mtu akikuambia kimeng'enya hakidanganyiki, mkumbushe hilo.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba ni protini. Joto, unyevu na muda vyote vinaila. Boksi nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30. Sasa mtu anatoka nazo Mbeya mjini, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, anashuka nazo Kyela kando ya Ziwa Nyasa, zimelala juu ya dashibodi ya basi na jua linapiga kioo. Baridi nayo ina visa vyake: alfajiri ya Julai pale Makambako, mashine yenyewe inaweza kuonyesha alama ya joto la chini na kugoma mpaka uifichie ndani ya koti.

Hapo ndipo wazo la elektrodi tupu ya metali linapovutia. Metali haiozi wala haihitaji friji. Ila niseme mapema: kama nia yako ni bibi kijijini ajue sukari yake leo, nunua stripu. Dozi ya insulini haipangwi kwa waya wa mradi wa shule.

Koo mbili

Elektrodi zisizo na kimeng'enya zimegawanyika koo mbili, na ukishazielewa nusu ya ubishi umekwisha.

Ukoo wa kwanza ni platini na dhahabu. Glukosi inakaa juu ya metali yenyewe, inanyang'anywa haidrojeni, inaondoka ikiwa glukonolaktoni ambayo baadaye inageuka asidi ya glukoni. Kazi hii inawezekana hata kwenye pH 7.4, ile ya damu.

Ukoo wa pili ni nikeli, shaba na kobalti. Hizi hazifanyi kazi zikiwa tupu. Zinavaa oksidi au haidroksidi, volti inazipandisha daraja, yaani inazinyang'anya elektroni, na hilo daraja la juu ndilo linaloila glukosi na kurudi chini, kisha volti inalipandisha tena. Mkondo wa umeme unaousoma ni hesabu ya kupanda huko. Ukoo huu unataka alkali kali, kwa kawaida sodiamu haidroksidi ya 0.1 mol/L, pH karibu 13. Ukitaka kihisi cha kubandika mkononi kisome jasho, ujue kwamba ngozi ya mtu na pH 13 havikai pamoja.

Na kwa nini kila mtu anataja nano, yaani maumbo madogo mno yasiyoonekana kwa jicho? Sababu si urembo. Kwenye platini glukosi ni mzito, kila molekuli inachukua muda wake. Vitamini C, ambayo nayo iko kwenye damu na inavuruga kipimo, ina haraka, ikifika tu imekwisha. Fikiria madirisha ya tiketi pale stendi ya Nane Nane. Abiria wanaohudumiwa kwa sekunde mbili hawaongezeki ukifungua madirisha zaidi, maana wote waliofika walishapata tiketi. Ila abiria anayekaa dirishani dakika kumi akibishana nauli, ukimfungulia madirisha mia, wanaohudumiwa wanaongezeka kweli. Uso wenye vinyweleo na sindano za nano ni madirisha mengi: unakuza sauti ya glukosi huku sauti ya vitamini C ikibaki karibu pale pale. Hiyo ndiyo faida ambayo uso laini hauwezi kukupa kwa bei yoyote.

Shaba

Nianze na ninayoipenda. Shaba tunaiona kila siku ikipita: malori yanaingia Tunduma, yanakatiza Mbeya na Makambako, yanashuka Kitonga kwenda bandarini. Huna haja ya kusimamisha lori. Waya wa umeme wa nyumba, ule wa moja na nusu, unatosha, na duka lolote la vifaa vya umeme Mwanjelwa unao.

Hapo kuna mtego wa kwanza. Zipo nyaya za aluminiamu zilizopakwa shaba juu. Kata kipande, chovya ncha iliyokatwa kwenye sodiamu haidroksidi. Ikitoa mapovu, hiyo ni aluminiamu, rudisha dukani. Shaba halisi inakaa kimya.

Chuna ganda la plastiki, sugua waya kwa msasa laini mpaka ung'ae kama sarafu mpya, uchovye dakika moja kwenye asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, usuuze. Kisha uweke kwenye mchanganyiko wa sodiamu haidroksidi ya 2.5 mol/L na amoniamu pasalfeti ya 0.1 mol/L, kemikali ambayo mafundi wa elektroniki huitumia kuondolea shaba kwenye bodi. Vaa miwani na glavu, na fungua dirisha kwanza, maana harufu ya amonia itakupiga pua kabla hujaona chochote. Baada ya dakika chache waya unaota manyoya ya samawati, kama ukungu kwenye mkate wa siku nne. Hizo ni sindano za shaba haidroksidi, nyembamba kuliko unywele kwa mbali sana. Usizipanguse kwa kidole, zinatoka kama poda. Suuza taratibu, kausha, tia kwenye oveni ya nyuzi 180 hadi 200 kwa saa moja au mbili. Samawati inageuka nyeusi tii. Sasa una oksidi ya shaba, na umbo la sindano limebaki.

Ichovye kwenye sodiamu haidroksidi ya 0.1 mol/L, iwekee volti kama 0.6 dhidi ya elektrodi rejea (ile ya kulinganishia volti) ya fedha na kloridi ya fedha. Mwanzoni mkondo utakuwa juu, utashuka, utashuka tena. Subiri. Wanafunzi wengi wanaharibu hapa: wanadondosha glukosi mkondo bado unateremka, kisha wanalalamika grafu haieleweki. Ngoja mpaka mstari ulale, hata kama ni dakika ishirini, kisha dondosha. Utaona ngazi: tone moja, kidato kimoja, juu, bapa, juu, bapa. Siku ya kwanza mtu anapoiona ngazi hiyo kwenye skrini huwa anaita wenzake.

Kuna jambo linanifurahisha kuhusu shaba. Sote tumepima sukari sekondari kwa Benedikti: samawati inageuka nyekundu ya tofali. Pale shaba ya daraja la pili ndani ya alkali inanyang'anya elektroni za glukosi na kushuka daraja la kwanza. Kwenye elektrodi ni wachezaji wale wale, tena ndani ya alkali, ila kwa maelezo yaliyozoeleka shaba inapandishwa kutoka la pili hadi la tatu ndipo inaila glukosi. Nasema maelezo yaliyozoeleka kwa sababu wanakemia bado wanabishana kama hiyo shaba ya daraja la tatu ipo kweli au kazi inafanywa na haidroksidi zilizong'ang'ania usoni. Ukiandika kwenye ripoti kwamba ni hakika, mtahini makini atakuuliza, na sitakuwepo.

Kasoro za shaba ni mbili. Ya kwanza, haichagui: fruktosi inaila, sukrosi inaila, na baadhi ya asidi amino pia. Ya pili, haidumu. Baada ya siku kadhaa za matumizi mkondo unapungua, oksidi inabanduka au inayeyuka kidogo kidogo. Lakini waya ni waya. Unatengeneza vipande kumi kwa mkupuo, unatumia kimoja na kukitupa, huku kila mara ukirudia mstari wako wa vipimo sanifu, yaani grafu ya mkondo kwa viwango vya glukosi unavyovijua.

Nikeli

Nikeli ni mtu wa kazi. Ndani ya alkali inavaa nikeli haidroksidi, kwenye volti kama 0.45 hadi 0.55 dhidi ya fedha na kloridi ya fedha inapanda kuwa nikeli oksihaidroksidi, na hiyo ndiyo inayoila glukosi. Wanakemia Fleischmann, Korinek na Pletcher walishaieleza njia hii tangu 1971. Kabla ya kupima unaizungusha volti juu na chini mara ishirini hadi hamsini mpaka vilele viwili kwenye grafu visimame mahali pamoja. Ikishatulia, imetulia. Kwa kudumu inaishinda shaba, hilo silibishi.

Kuipata ndiyo kazi. Tanzania ina nikeli ya Kabanga kule Ngara, lakini iliyo ardhini haikusaidii mezani. Sponji ya nikeli, ile ya kwenye betri, unaagiza. Njia ya mkato ni vibati vya nikeli ambavyo mafundi wa betri huchomelea seli. Tatizo ni kwamba vingi ni chuma kilichopakwa nikeli, na sumaku haitakusaidia kwa kuwa nikeli nayo inavutwa na sumaku. Kwaruza kwa tupa mpaka ndani, loweka usiku mmoja kwenye maji ya chumvi. Asubuhi ukiona kutu, si nikeli safi.

Chuma hicho kina ubaya wake wa pekee. Hata chembe chache za chuma zikiingia kwenye uso wa nikeli ndani ya alkali, zinaharakisha maji kutoa oksijeni, na mkondo wa oksijeni unakuja kufunika mkondo wa glukosi. Ndiyo maana kostiki soda (sodiamu haidroksidi) ya watengeneza sabuni, ambayo kwa shaba unaweza kuivumilia siku ya majaribio, kwa nikeli usiiguse. Nunua ya maabara.

Sasa kisa. Msimu mmoja wa ulanzi, binti wa Mufindi alileta kidumu cha ulanzi mbichi, akataka kufuatilia sukari inavyopungua unavyochacha. Wazo zuri, sampuli ya nyumbani, haina usumbufu wa vibali. Alikuwa na elektrodi ya nikeli, kazi safi, mstari wa vipimo sanifu umenyooka. Akapima siku tatu mfululizo. Siku ya tatu alinifuata amekunja uso: "Mwalimu, ulanzi umechacha kabisa, ukionja unakunja ulimi, lakini elektrodi inasema bado mtamu."

Elektrodi haikuwa mbovu. Kila molekuli ya glukosi inayochachushwa inaacha molekuli mbili za ethanoli, na nikeli oksihaidroksidi inaila ethanoli pia. Kwa molekuli moja moja ethanoli inatoa mkondo mdogo, lakini haiji moja moja: pombe ya asilimia 4 kwa ujazo ni karibu 690 mmol/L. Sukari ilikuwa inatoka kwa mlango wa mbele na pombe inaingia kwa wa nyuma, mkondo haukuona tofauti. Tulichofanya ni kuipasha sampuli taratibu juu ya maji ya moto mpaka pombe iruke, tukarudishia ujazo kwa maji safi, tukapima tena. Mkondo ukaanguka. Ripoti yake ikawa nzuri kuliko aliyoipanga, maana badala ya grafu moja alikuwa nazo mbili, kabla na baada, na nafasi kati yake ilikuwa ndiyo pombe.

Kwa hiyo nikeli kwa kitu chochote kilichochacha, tahadhari. Na mabaki ya majaribio yenye nikeli usimwage kwenye sinki. Chumvi za nikeli zinahusishwa na saratani, na wapo ambao ngozi zao huwashwa kwa kugusa tu.

Dhahabu na platini

Chunya wanachimba dhahabu tangu enzi za mkoloni, kwa hiyo kila mwaka hapakosi anayesema mjomba wake ana kipande. Kipande cha mjomba au cha sonara mara nyingi kimechanganywa: karati 18 ni asilimia 75 tu ya dhahabu, iliyobaki ni fedha na shaba, na hizo zina tabia zao kwenye volti. Utakuwa unapima mchanganyiko ukidhani unapima dhahabu.

Dhahabu safi inastahili heshima. Inafanya kazi kwenye alkali vizuri sana, na kwenye pH ya damu kwa kiasi. Mashine za kromatografia za kupima sukari zinaitumia, ila kwa ujanja: volti haitulii, inapigwa mapigo, la kupima, la kusafisha, la kuandaa uso upya, tena na tena. Kama potenshostati yako, ile mashine inayoweka volti na kusoma mkondo, inaweza mapigo hayo, dhahabu inadumu. Kama haiwezi, itachafuka.

Adui wake ni kloridi. Damu ina karibu 100 mmol/L ya kloridi, nayo inakalia viti ambavyo glukosi ilitaka kukaa. Hapa ndipo makala nyingi zinapokwepa: zinapima kwenye bafa ya fosfeti tupu (maji yenye chumvi za fosfeti yanayotuliza pH), namba zinang'aa, na neno kloridi halionekani popote. Ukisoma makala ya dhahabu au platini, tafuta kwanza walitia chumvi au la. Kama hawakutia, funga faili.

Platini ndiyo iliyochunguzwa muda mrefu kuliko zote, na mfano wa vinyweleo niliousimulia juu ulithibitishwa juu yake. Lakini inachafuliwa na kloridi na tena na mabaki ya glukosi yenyewe yanayong'ang'ania usoni kama monoksidi ya kaboni. Ni ghali. Sijawahi kumshauri mwanafunzi aianze.

Kobalti naitaja tu ili usiseme sikuiona. Oksidi yake inafanya kazi kwenye alkali kama nikeli, volti zinakaribiana, na kuipata hapa ni kwa kuagiza chumvi zake ambazo ni sumu. Sioni inakupa nini ambacho nikeli haikupi.

Kwa ufupi, kwa jicho moja

| | Oksidi ya shaba | Nikeli | Dhahabu | Platini |
|---|---|---|---|---|
| Kimiminika | Alkali, pH 13 | Alkali, pH 13 | Alkali. pH 7 kwa shida | pH 7 inawezekana |
| Volti* | kama 0.6 | 0.45–0.55 | hutegemea pH, bora mapigo | hutegemea uso na pH |
| Adui mkuu | Kubanduka, sukari nyingine | Ethanoli, chembe za chuma | Kloridi, uchafu wa protini | Kloridi, mabaki ya glukosi |
| Kuipata Mbeya | Duka la umeme | Kuagiza, au fundi wa betri kwa bahati | Sonara, si safi | Kuagiza |
| Kudumu | Siku | Wiki, ukiitunza | Ndefu kwa mapigo | Hushuka bila kusafishwa |

*Dhidi ya fedha na kloridi ya fedha. Makala nyingine hutumia elektrodi ya kalomeli au ya zebaki na oksidi ya zebaki, na namba hazilingani moja kwa moja. Angalia kabla ya kunakili.

Sikuweka mstari wa usikivu kwa makusudi. Makala zinapenda kuandika maikroampia elfu tatu kwa kila mmol/L kwa kila sentimita ya mraba, na mwanafunzi anachagua kubwa kama anachagua kuku sokoni. Hiyo sentimita ya mraba ni ya nje, uliyoipima kwa rula. Sponji ya nikeli ya sentimita moja ya mraba ina uso wa ndani mkubwa mara nyingi zaidi, na uso huo wote unahesabiwa kana kwamba ni bapa. Elektrodi mbili zenye kemia ile ile zinaweza kupishana mara kumi kwa unene tu. Ukitaka kulinganisha kwa haki, angalia kiasi kidogo kabisa inachokiona, mwisho wa mstari ulionyooka, na inavyojibu ikitiwa vitamini C, asidi ya yuriki na parasetamoli kwa viwango vya damu.

Sasa, sampuli yako ni ipi?

Viazi. Hapa ndipo ningemsukuma kijana wa Njombe au Uyole aende. Kiazi kikikaa kwenye baridi kali ghalani, wanga wake unageuka glukosi na fruktosi, na ukikaanga chipsi zinatoka nyeusi na chungu. Muuza chipsi wa Kabwe anajua jambo hilo kwa macho, ila kwa kuchelewa, mafuta yakiwa tayari yanachemka. Angalia uzuri wake: hapa kutochagua kwa shaba si dhambi, maana glukosi na fruktosi zote mbili ndizo zinazounguza chipsi. Unataka jumla. Sukrosi ndiyo kero, inayohesabiwa bila kualikwa, kwa hiyo linganisha na Benedikti, ambayo sukrosi haiioni, kwenye sampuli chache ujue inakudanganya kiasi gani. Kamua, chuja, zimua mara mia, dondosha. Shaba inatosha kabisa.

Asali. Gramu moja ndani ya lita nzima ya maji bado ni karibu 4 mmol/L ya glukosi na fruktosi kwa pamoja, kwa hiyo zimua zaidi ubaki ndani ya mstari ulionyooka. Shaba au nikeli zitakupa jumla. Lakini kama ulitaka kumkamata aliyetia sukari ya dukani kwenye asali, metali hizi hazifai, maana sukrosi nayo zinaila. Hapo rudi kwa kimeng'enya, nasema bila aibu.

Ulanzi, togwa, juisi iliyokaa. Umeshasikia kisa. Ondoa pombe kwanza.

Damu. Mjadala wake ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Damu ya mtu inataka kibali cha maadili ya utafiti kabla hujagusa hata tone, na hicho peke yake kinaweza kumaliza muhula wako. Ukikipata, tumia seramu, maana chembe nyekundu zinapasuka ndani ya alkali. Maikrolita 50 za seramu ndani ya mililita 5 za sodiamu haidroksidi ni uzimuaji wa karibu mara mia: glukosi ya 7 mmol/L inakuwa 0.07, na kloridi inashuka kutoka mia hadi moja, asidi ya yuriki inabaki chembe. Kwa njia hii nikeli inakuwa kifaa cha maabara kizuri kweli. Ila kosa la pipeti linaingia lote kwenye jibu lako, asilimia kwa asilimia, kwa hiyo pima pipeti kwenye mizani kabla ya kupima kitu kingine chochote.

Jasho, mate, kitu cha kubandika mwilini: dhahabu au platini, pesa na muda. Kwa mwaka mmoja wa mradi hapa kwetu, sikushauri.

Kuhusu chombo cha kusomea, usikate tamaa kwa bei. Tangu 2011 wahandisi wa Santa Barbara, California, walichapisha mchoro wa potenshostati waliyoiita CheapStat, iliyoundwa wakati huo kwa chini ya dola 80, na mchoro ni wa wazi kwa kila mtu. Fundi elektroniki mwenye subira anaweza kuiunda. Kinachoangusha wengi ni elektrodi rejea. Ile ya fedha na kloridi ya fedha ikikaa muda mrefu kwenye pH 13 inaanza kuyumba, haidroksidi inapenya ndani na fedha inavaa oksidi. Iweke ndani ya mrija wake wenye chumvi, itoe mara ukimaliza, na linganisha na ya pili kila asubuhi. Zikipishana zaidi ya milivolti kumi, usilaumu nikeli.

Na funika chupa ya sodiamu haidroksidi. Ukiiacha wazi usiku kucha inavuta kaboni dioksidi ya hewani, na asubuhi namba za jana hazirudi. Yule binti wa ulanzi alipoteza wiki nzima kwa kizibo.